Kufundisha historia na uraia kwa simu moja: mwongozo kamili kwa walimu wa Lubumbashi

Walimu wenzangu wa komini za mji wetu, Katuba, Kenya, Ruashi na kwingineko, hali tunaijua sote. Darasa limejaa, kitabu cha kozi ni kimoja na kiko mkononi mwa mwalimu, na saa ya historia inakwisha watoto wakiwa bado wananakili ubao. Mtoto anakariri kwamba Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 na kwamba mambo hayo yalikwisha Januari 1963. Anaandika hivyo siku ya Exetat, mtihani wa taifa, basi. Hajaona picha ya siku zile wala hajasoma neno la mtu aliyekuwepo, na mambo yenyewe yalitokea kwenye barabara anazopita kila asubuhi akienda shuleni.

Mwongozo huu ni wa kumfikisha mtoto kwenye ushahidi wenyewe. Sitataja tovuti zote zilizopo duniani. Nataja zile zinazofaa kwa kozi zetu, na kwa kila moja naeleza namna ya kuifikisha darasani hata siku ambayo hakuna mega za intaneti wala umeme.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa simu

Miaka yangu ya kwanza nilianza vibaya. Nilikuwa nafungua simu usiku, naandika "historia ya Kongo", kisha napotea humo mpaka mega zinakwisha. Asubuhi naingia darasani na picha kumi zisizo na kazi.

Siku hizi naanza na daftari. Naandika kichwa cha somo, chini yake swali moja ambalo jibu lake halimo kwenye kozi. Kwa somo la kujitenga kwa Katanga swali langu ni hili: kwa nini katika mji mmoja wengine walishangilia bendera mpya, na wengine mwaka 1961 wakakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa? Swali la namna hiyo linakuambia utafute nini: picha ya bendera, picha ya kambi, maneno ya mtu wa kila upande. Vitu vitatu vinatosha kwa saa moja.

Hatua ya 2: Tafuta kwa majina ya zamani

Hili ni jambo dogo lakini ndilo linalowakwamisha wengi. Ukiandika "Lubumbashi 1950" hupati kitu cha maana, kwa sababu aliyeandika maelezo ya picha ile hakulijua jina hilo. Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville na ukaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Likasi ilikuwa Jadotville, Kalemie ilikuwa Albertville, Bukavu iliitwa Costermansville, Kisangani ilikuwa Stanleyville. Mkoa wetu nao uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, kwa hiyo habari za vita vya 1977 na 1978 utazipata kwa jina la Shaba. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kabla yake ni Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906.

Tafuta kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza hata kama hukijui vizuri: maneno "copper" na "mine" pamoja na jina la zamani la mji yanaleta vingi. Mara ya tatu tafuta kwa Kiswahili. Utashangaa, na sababu nitaieleza chini.

Hatua ya 3: Pakua nyumbani, tumia darasani bila intaneti

Programu ya kwanza ya kuweka kwenye simu ni Kiwix. Ni ya bure. Inakuwezesha kupakua Wikipedia (au kutelesharje, kama tunavyosema hapa) mara moja tu, kisha ukaisoma bila mtandao siku zote. Ndani ya Kiwix tafuta lugha: Wikipedia ya Kiswahili ni nyepesi na inaingia kwenye simu ya kawaida. Ya Kifaransa iliyo kamili, pamoja na picha, ni nzito mno, lakini ipo isiyo na picha. Tafuta mahali penye Wi-Fi nzuri, kaa na chaja yako, iache ipakue kwenye kadi ya kumbukumbu.

Kisha liko jambo ambalo walimu wengi hawalijui. Kiwix ya Android inaweza kugawia simu nyingine bila intaneti kabisa. Washa hotspoti ya simu yako, ingia Kiwix, chagua sehemu ya kugawa vitabu, weka alama kwenye kitabu unachotaka, anzisha. Kwenye kioo itatokea anwani ya tarakimu. Mwanafunzi mwenye simu anajiunga na hotspoti yako, anaandika tarakimu zile kwenye kivinjari chake, na ukurasa unafunguka bila kumla hata mega moja. Katika darasa langu simu saba zinatosha: kila simu kikundi kimoja, anayesoma anasoma kwa sauti, mwingine anaandika. Prefe, yaani mkuu wa shule, akiwa na wasiwasi juu ya simu darasani, mwalike aje aone. Wangu alikaa mpaka kengele ikalia.

Kwa picha, nenda Wikimedia Commons. Ukifungua picha, chini yake utaona ukubwa mbalimbali. Usichukue ile ya asili, chukua ndogo, inatosha kwa simu na kwa karatasi. Soma pia maelezo: nani alipiga, mwaka gani, na leseni inaruhusu nini. Nakili jina la mpiga picha kwenye fishi yako ya somo, kwa sababu watoto watakuuliza.

Kwa vitabu na magazeti ya zamani, tumia Internet Archive na Gallica, maktaba ya dijitali ya taifa la Ufaransa. Kwenye Internet Archive kitabu kinapatikana kwa namna nyingi: PDF ni nzito, maandishi matupu ni mepesi sana. Maandishi matupu yana makosa ya kusomwa na mashine, lakini kama unataka ukurasa mmoja tu wa kunukuu, yanakuokolea mega. Hakiki tu ukurasa huo kwa kuuangalia kwenye picha ya kitabu.

Vyanzo vya mji wetu, kwa Kiswahili chetu

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo hazina yetu ilipo na ni wachache wanaoijua.

Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, kwa niaba ya wenzake waliowahi kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, aliandika historia ya mji huu. Jina lake ni Vocabulaire ya mji wa Elisabethville. Haikuandikwa na padri, haikuandikwa na gavana. Ni maboi na wapishi wanaeleza mji ulivyoanza, nani alikuja, nani aliteseka, na ni kwa Kiswahili cha hapa hapa. Andiko lote, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, limewekwa wazi kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, katika hifadhi iitwayo Archives of Popular Swahili. Tafuta kwa jina hilo. Kurasa zake ni maandishi tu, kwa hiyo ni nyepesi: hifadhi ukurasa kwenye simu na unao milele.

Namna ya kulitumia: usilisome kimya. Tahajia yake ni ya mtu anayeandika kama anavyosikia, na macho yanachoka haraka. Lisome kwa sauti. Nilichukua aya mbili za mwanzo, nikazipiga kopi, nikampa msichana mmoja wa darasa la tatu la humanités asome mbele ya wenzake. Mistari miwili alikwama. Mstari wa tatu sauti ikafunguka, na kijana aliyekaa nyuma akasema: "Mwalimu, huyu anasemaka sawa kambo yangu!" Darasa zima likanyamaza kusikiliza. Tangu siku hiyo sijahitaji kuwaeleza kwamba Kiswahili cha babu zao ni lugha ya historia pia.

Baada ya kusoma, uliza maswali manne tu: nani anaandika? Anamwandikia nani? Alikuwepo au alisimuliwa? Nini ambacho asingeweza kukijua? Swali la nne ndilo gumu na ndilo lenye faida, kwa sababu hata sauti ya wanyonge ina mipaka yake, na mtoto ajifunze kupenda chanzo bila kukiamini kila neno.

Hifadhi hiyohiyo ina mazungumzo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu, mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima katika picha takriban mia moja, kuanzia zama za kale hadi siku zake, na akawa anazieleza kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Picha zake ziliingia kwenye jumba la makumbusho la Amsterdam, lakini maneno yake unaweza kuyasoma ukiwa hapa mjini, Kampemba.

Mfano wa somo: mgomo wa Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière walidai nyongeza ya mshahara, askari wakawafyatulia risasi uwanjani. Hesabu ya waliokufa ni tofauti kati ya karatasi za serikali ya kikoloni na kumbukumbu za familia. Weka mbele ya watoto maelezo ya kitabu cha kozi na maneno ya mchoraji. Kisha watume nyumbani wamtafute mzee ambaye baba yake alifanya kazi kwenye kampuni. Mimi huwapa sharti: warekodi kwa simu dakika tano, wamwombe mzee ruhusa kwanza, na waandike tarehe na mtaa. Kazi ya kukusanya kumbukumbu hizi ilishafanywa na wanahistoria wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa miaka mingi, chini ya jina Mémoires de Lubumbashi, kwa hiyo mtoto wa komini ya Kenya anayerekodi babu yake anafuata njia iliyokwisha kutengenezwa.

Zama za kabla ya wakoloni

Walimu wengi hupita hapa haraka kwa kukosa vifaa. Vifaa vipo. UNESCO ilianza mwaka 1964 kazi ya kuandika historia ya Afrika pamoja na Waafrika wenyewe. Juzuu nane za kwanza zinapatikana bure kwa Kifaransa kwenye maktaba yake ya dijitali, UNESDOC, chini ya jina Histoire générale de l'Afrique. Kila juzuu ni nene, usijaribu kuisoma yote. Fungua juzuu ya tano, utafute sura juu ya mfumo wa utawala wa Waluba na Walunda, iliyoandikwa na mwanahistoria wetu Isidore Ndaywel è Nziem. Sura hiyo moja inakupa somo la wiki mbili.

Halafu waonyeshe watoto lukasa. Ni ubao mdogo unaoshikika mkononi, umepigiliwa shanga na simbi. Wazee wa chama cha mbudye walikuwa wanaupapasa kwa kidole huku wakisimulia wafalme wa Waluba, safari zao na miiko yao. Mmoja mzuri sana uko Brooklyn Museum, New York, na picha yake iko kwenye tovuti ya jumba hilo. Metropolitan Museum nayo imefungulia watu wote picha zake nyingi tangu 2017. Andika "Luba" utaona viti na vinyago.

Ukishaonyesha picha, funga simu. Wape kila kikundi kipande cha katoni, vifungo, vizibo vya chupa na gundi, watengeneze lukasa ya mtaa wao: kizibo chekundu ni soko, kifungo kikubwa ni familia iliyofika kwanza, mstari wa uzi ni reli. Kisha kikundi kingine kijaribu kuisoma. Hawataweza bila mwenye lukasa kuwasimulia, na hapo wanaelewa wenyewe kwa nini mtu wa kumbukumbu alikuwa na cheo.

Kwa enzi ya M'siri, mfalme wa Wayeke, na mauaji yake Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, vitabu vya wazungu waliokuwa kwenye msafara uliomuua vimo kwenye Internet Archive. Tumia ukurasa mmoja, na uulize yale maswali manne. Kwenye tovuti ya AfricaMuseum ya Tervuren, Ubelgiji, kuna sehemu ya makusanyo yaliyochukuliwa kwetu. Soma maelezo ya chini ya picha pamoja na watoto: kuna "alikusanya" nyingine ambayo maana yake ni alinyang'anya.

Uhuru na miaka ya moto

Tarehe 30 Juni 1960 zilisomwa hotuba tatu: ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji, ya rais Kasa-Vubu na ya waziri mkuu Lumumba. Zote zinapatikana mtandaoni kwa Kifaransa. Zichapishe, kata majina, gawa. Kila kikundi kikisie nani anasema, na kionyeshe sentensi iliyowafanya wakisie hivyo. Zoezi hili halina gharama na sijaona darasa lililolichoka.

Juu ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa karibu na mji wetu tarehe 17 Januari 1961, iko ripoti ya tume ya bunge la Ubelgiji ya mwaka 2001, kwenye tovuti ya bunge hilo, Kifaransa kipo. Ni ndefu, lakini hitimisho lake linasomeka: inakiri kwamba baadhi ya mawaziri na watu wengine wa Ubelgiji walibeba wajibu wa kimaadili katika yaliyompata. Waulize watoto kama neno "kimaadili" linatosha. Jiandae kukaa.

Video za zama hizo ziko kwenye chaneli ya British Pathé huko YouTube, ambayo iliweka makumi ya maelfu ya filamu za habari mwaka 2014. Zina uzito. Chagua ubora wa chini kabisa, na kabla ya kuonyesha zima sauti. Mara ya kwanza watoto waangalie kimya na waandike wanachokiona. Mara ya pili washa sauti ya msimulizi, walinganishe alichosema na walichoona wao.

Ramani

David Rumsey Map Collection ina ramani za zamani za Afrika zenye ubora wa ajabu, bure. OpenStreetMap ina mitaa yetu ya leo, na mwanafunzi anaweza kuongeza jina la barabara yake mwenyewe. Weka ramani ya kabla ya 1885 kando ya ya mwaka 1910 na uulize mpaka ulitoka wapi.

Kozi ya uraia

Chanzo namba moja ni Katiba ya 18 Februari 2006, iliyorekebishwa 2011. Ipo kwenye Leganet, tovuti ya sheria za nchi yetu, pamoja na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009. Anza na kifungu cha kwanza, kinachotaja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Watoto wanaamka. Endelea na kifungu cha pili kinachoorodhesha mikoa, kisha uwaeleze jinsi Katanga ilivyogawanywa mwaka 2015 kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kwa habari za siku, Radio Okapi ina kurasa nyepesi na hifadhi ndefu. Ilianza kurusha matangazo Februari 2002.

Kila wiki chukua pia picha moja inayozunguka kwenye WhatsApp na uihakiki pamoja nao. Itafute kwa Google Lens au TinEye, muone ilionekana mara ya kwanza lini na wapi. Siku moja watoto waliniletea picha ya "vita vya jana", tukaikuta ni ya nchi nyingine kabisa, ya miaka mingi nyuma. Siku hizi wao ndio wanaowahakikia wazazi wao.

Mambo yanayouma

Katika darasa moja hapa Lubumbashi wanakaa mtoto ambaye familia yake ilifukuzwa Katanga mwaka 1992 au 1993 kwa sababu asili yao ni Kasai, na mtoto ambaye mjomba wake alikuwa upande wa waliofukuza. Iko ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010, Rapport Mapping, inayoeleza ukatili wa nchi yetu kati ya 1993 na 2003. Mwalimu aisome mwenyewe. Watoto msiwape kurasa zake. Vivyo hivyo picha za mikono iliyokatwa za enzi ya Leopold: ukweli ule lazima ufundishwe, lakini waambie siku moja kabla watakachokiona, onyesha picha moja tu, usiibandike ukutani, na mruhusu atakayetaka kutoka atoke.

Kwa masomo haya siwagawi kwa vikundi vya kushindana. Tunakaa duara, anayetaka kusema anasema, na hakuna anayelazimishwa kueleza ya kwao. Nikimaliza nabaki darasani dakika kumi. Kila mwaka kuna mmoja anayebaki nyuma, anajifanya anafunga begi.

Jioni kabla ya somo

Weka kila kitu kwenye folda moja yenye jina la somo. Zima data, ufungue kila faili uone kama kweli linafunguka. Jaza simu chaji. Peleka karatasi moja kwenye kibanda cha fotokopi, si kumi: karatasi ya A4 inabeba vyanzo viwili na maswali manne, ukikunja katikati inatumika na watoto wawili. Zikusanye mwisho wa saa, uziweke kwenye bahasha. Mwaka ujao darasa jingine litazihitaji.